Kompyuta ya Viazi

Kompyuta yetu ililetwa nyumbani kwa pikapu ya viazi, na ukweli ni kwamba ilikuwa viazi vyenyewe. Baba yangu hununua viazi Dundori na kuviuza hapa Nakuru. Kulikuwa na chuo kidogo cha mtu binafsi kilichokula viazi vyake muhula mzima bila kulipa, na siku kilipofunga milango, mwenyewe alimwambia baba achague: viti au kompyuta. Baba akachagua kompyuta kwa sababu viti tunavyo. Mama aliitazama ikishushwa katikati ya magunia, udongo umeipaka mpaka kwenye vitufe, akauliza, "Na hii inakaangwa ama inachemshwa?"

Hivyo ndivyo nilivyopata mashine ya kuchezea. Mbio za magari ilizimudu. Mpira wa miguu iliumudu pia, lakini kwa kipindi kimoja tu. Ikikaribia mapumziko, pap, inakufa. Haikuwa inakwama kama kompyuta za watu wengine, hapana. Ilikuwa inakata roho. Kioo kinakuwa cheusi, halafu unajiona wewe mwenyewe ndani yake, mdomo wazi, kama picha ya kitambulisho. Mwaka mzima wa 2007 nilishtuka mbele ya kioo kile mpaka nikaizoea sura yangu ya kushtuka.

Lazima nieleze mahali ilipokaa. Nyumba yetu ni nyumba ya vitambaa. Mama yuko katika kikundi cha akina mama wa kanisa wanaofuma, na hakuna kitu kinachoingia sebuleni kwetu bila kuvikwa. Makochi yana vitambaa vya kichwa na vya mikono. Redio ina chake. Thamosi ina chake. Meza ina kitambaa kikubwa, na juu ya kitambaa kikubwa kuna kidogo cha kukilinda kikubwa. Kompyuta, kwa kuwa ilikuwa mgeni wa heshima, ilifumiwa kilicho bora: cheupe, kizito, chenye tausi wawili wanaotazamana. Na kwa kuwa kufuma huacha matundu, na vumbi la Nakuru huingia hata ndani ya yai, mama akakishonea nailoni kwa ndani. Kisha akakitia wanga kikasimama wima kama kadibodi. Kilifunika lile boksi lote, ambalo sisi tuliliita CPU, juu, nyuma na pande zote, halafu boksi likasukumwa ndani ya kabati la sebule, chini ya glasi za wageni. Ukitaka kucheza unafunua mbele kidogo tu, kama bwana harusi anayefunua shela. Ukifunua zaidi utaulizwa unatafuta nini.

Mshauri wangu wa mambo ya kompyuta alikuwa rafiki yangu wa darasani. Yeye ni Mhindi wa Nakuru wa tangu enzi za reli. Baba yake ana duka la vipuri vya magari mjini, na Sheng yake ni safi kuliko yangu. Alikuwa ameunganishiwa mashine mpya kabisa na binamu yake wa Nairobi. Nilienda kuiona nikiwa nimevua viatu mlangoni, na kwa heshima niliyokuwa nayo ningevua hata soksi. Ilikaa mezani imevikwa kitambaa chekundu chenye vioo vidogo vidogo, kazi ya mikono ya nyanya yake, ambaye yeye humwita Ba. Ilikuwa ikikwama kwama tukicheza.

"Ni Windows tu," akasema haraka. "Itatulia."

Mimi nilikuwa na mpango wa kuongeza. Memori kidogo, kadi mpya ya grafiksi, maisha yaendelee. Alinitazama kwa huruma.

"Msee, ile yenu si kompyuta. Ile ni jiko."

"Nikiweka grafiksi mpya itapona."

"Grafiksi mpya kwa motherboard ya Nuhu? Hiyo ni kama kumnunulia shosho yako viatu vya mpira. Atavaa, sawa. Lakini atakimbia wapi?"

"Shosho yangu wa kule Bahati hukimbiza ng'ombe," nikamtetea nyanya yangu. "Wewe humpati."

"Buda, jenga mpya. Ukiongeza kwa ile, unaongeza chumvi kwa chakula kimeungua."

Nikashawishika. Si kazi kunishawishi nitake kitu kipya. Kazi ilikuwa kumshawishi baba, kwa sababu baba ana msimamo kwamba mgonjwa hazikwi kabla ya kufikishwa hospitali. Hata pikapu yake imefikishwa hospitali mara nyingi kuliko sisi watoto. Basi akaibeba CPU, akaivua kile kitambaa cha tausi ili kisichafuke, akaipeleka kwa fundi ghorofani mjini. Fundi akakaa nayo siku nzima akiitumia kupiga muziki. Jioni akampigia baba simu: mashine ni nzima, haina ugonjwa.

Nilishangaa kwa hasira. Kila mtu anajua fundi anayesema hakuna shida ni fundi asiyeijua kazi. Mashine ikarudi nyumbani, mama akaipokea kwa kitambaa kilichofuliwa upya na kutiwa wanga maradufu, na jioni ile ile, kabla hata ya mapumziko, pap.

"Baba, umeona?"

Baba aliona. Alisimama pale na kikombe chake cha chai akikitazama kioo cheusi kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

"Lakini fundi alisema."

"Fundi alisema," nikamjibu kwa upole wa mchungaji msibani.

Akanywa chai. Akafikiri. Kisha akasema, "Viazi vya Krismasi vikienda vizuri, Januari tunajenga mpya. Hii tutampa huyo fundi aendelee na muziki wake."

Baba si mtu wa ahadi. Hata akienda kununua maziwa hapo kioski husema atarudi Mungu akipenda. Ahadi ile aliitoa bila kumtaja Mungu, mbele ya mama, kwa sauti. Nilimwambia rafiki yangu, nikaambia darasa, nikaambia hata watu ambao hawakuniuliza. Desemba yote nilipokuwa nikisikia pikapu inarudi, nilikimbia nje kuhesabu magunia yaliyobaki kama mimi ndiye niliyelima.

Kisha watu wakapiga kura. Sitaeleza ghasia zilizofuata, kwa kuwa kila anayesoma haya alikuwa mahali fulani siku zile na ana yake ya kueleza. Nitaeleza tu mlango wetu ulipogongwa.

Ilikuwa mchana. Dada mdogo wa mama alikuwa na shamba mbele ya Salgaa, na tulikuwa tumempigia simu bila kumpata. Mume wake alikuwa kazini Nairobi na yeye pia hakuwa amempata. Mama alipofungua, anti alikuwa amesimama hapo na mtoto mchanga kifuani, amemfunga kwa sweta kubwa la kiume linalonuka dizeli, na nyuma yake binti yake wa darasa la kwanza. Walikuwa wamelala Salgaa kati ya malori yaliyoshindwa kuendelea na safari, mpaka dereva mmoja akawaficha chini ya turubai na kuwaleta. Mkononi anti alikuwa na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe hakuwa nayo. Mimi ndiye mcheshi wa nyumba hii, na kitu kama hicho kwa kawaida hakinipiti. Nilifungua mdomo, nikamtazama uso, na mzaha ukarudi ulikotoka.

"Ingia," mama akasema. "Ingia, ingia."

Alilirudia neno hilo hata walipokuwa wameshaketi.

Halafu mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitaliona. Huyu ni mwanamke aliyewahi kunifukuza sebuleni wiki nzima kwa kupangusa mafuta ya chapati kwenye mkono wa kochi. Akaanza kuvivua vitambaa. Akavua vya makochi, akavilowesha maji ya moto, akampangusia yule msichana miguu. Akavua cha meza na kile kidogo cha kukilinda, vikawa shuka. Kisha akasimama mbele ya kabati, akainama, akakinyofoa kitambaa cha tausi. Wanga ulilia kama karatasi. Akaing'oa nailoni kwa meno. Akakifikicha kati ya mikono mpaka wanga ukadondoka sakafuni kama unga, kikalegea, kikawa laini, akamfunga nacho yule mtoto mchanga. Anti akaushika tu ule upindo wenye tausi na kuusogeza usimguse mtoto mdomoni.

Nilikuwa sijawahi kuiona sebule yetu uchi. Makochi yalikuwa ya rangi ya kahawia. Nilikuwa naamini ni meupe.

Jioni tulihamisha kabati kwenye ushoroba ili watu wapate pa kulala. CPU ikawekwa juu ya stuli kando ya dirisha, bila nguo, na hakuna aliyeiuliza habari.

Yule binamu yangu hakuwa anaongea. Hakuwa analia pia. Ukimuuliza kama ana njaa anatikisa kichwa ndiyo au hapana, basi. Mama alitukataza kumsumbua. Lakini mimi nina kiburi cha kazi yangu, na sijawahi kushindwa kumchekesha mtoto. Nikamwigia mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Nikamwigia mbuzi wa shosho akila sabuni. Nikaanguka kutoka kwenye kochi, mara ya pili nikaanguka vibaya bila kupanga. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize ili alale.

Mwishoni mwa Januari moto ukafika mjini kwetu. Baba akaegesha pikapu nyuma ya nyumba. Viazi vilikuwa Dundori ndani ya magunia, vikichipua, na hakuna barabara ya kuvifuata. Tukafungiwa ndani, pazia zimevutwa, na kila kishindo cha nje kilimfanya yule binamu yangu ashike ukingo wa gauni lake. Siku moja asubuhi sikuweza kuvumilia tena. Nikawasha kompyuta, sauti nikaifunga kabisa, nikamketisha kando yangu.

"Hii ni ya kupasi. Hii ni ya kupiga. Hii usiiguse, ni yangu," nikamwambia. "Na sikiliza. Ikikaribia mapumziko itazima yenyewe, pap. Usishtuke. Ndivyo ilivyo, ni mzee."

Akatikisa kichwa ndiyo.

Tukacheza. Nilikuwa nikiutazama ule muda pale juu ya kioo kuliko nilivyoutazama mpira, nikijiandaa kumshika mkono. Mapumziko yakafika. Kompyuta haikuzima. Kipindi cha pili kikaanza, na mimi nilikuwa sijawahi kukicheza nyumbani kwetu. Sikujua hata kwamba ndani ya kompyuta timu zinabadilishana magoli. Nikiwa bado nashangaa, akanifunga. Mchezo ukaisha wenyewe, kihalali, na maandishi ya mwisho ambayo sikuwahi kuyaona katika maisha yangu. Tukaanza mwingine. Tukala tukicheza. Jua likazunguka nyumba, mwanga ukaondoka dirishani, na ile mashine ikaendelea tu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hainguرumi. Zamani ilikuwa ikinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Nikaweka kiganja juu ya boksi. Lilikuwa baridi kama mtungi. Anti akapita akimbembeleza mtoto mgongoni, na pale mgongoni, kutoka kwenye kile kitambaa, tausi wawili wakanitazama.

Niliketi sakafuni.

Mwaka mzima. Mwaka mzima tulikuwa tumeivika mashine blanketi lenye nailoni, tukaifungia kabatini, halafu tukashangaa inazirai. Fundi alisema kweli. Aliijaribu ikiwa uchi, na ikiwa uchi ilikuwa nzima. Mimi, na rafiki yangu bingwa wa motherboard, tulikuwa tumekaa mbele yake tukibishana kuhusu memori na grafiksi huku tukikifunua kile kitambaa kwa adabu na kukirudisha kwa adabu. Ilikuwa homa, na sisi tulikuwa tukijadili jeneza.

Mshtuko wa pili ulikuja nyuma ya ule wa kwanza, na ndio uliouma. Kama haizimi, hakuna mpya. Ahadi ya baba ilisimama juu ya ule ugonjwa. Nikafikiri kwa haraka, kwa sababu katika mambo ya namna hii ubongo wangu hauhitaji memori ya kuongeza. Nani anajua? Mimi ninajua. Tausi wanajua. Na huyu mtoto hapa anajua, ambaye haongei na mtu. Shahidi bora kuliko huyo hajawahi kuzaliwa. Nikaizima kompyuta kwa mkono wangu, taratibu, nikaondoka nikipiga mluzi wa moyoni.

Usiku ule tulikuwa mezani. Ugali ulikuwa mwingi, mboga kidogo. Akanawa mikono, akanitazama.

"Wewe nilikuahidi kitu."

Mama akayainua macho. Anti akayashusha yake kwenye sahani.

"Si lazima sasa, baba," nikasema, nikitumaini hatanisikia.

"Viazi vimeoza. Ahadi haiozi. Kuna kitu kidogo nilikuwa nimekiweka kabla ya haya yote." Akavuta pumzi. "Nataka uniambie tu jambo moja. Ile mashine bado inazima?"

Nilikuwa na tonge la ugali mdomoni. Nikaanza kulimeza polepole huku nikiitengeneza sura yangu ya msibani, nyusi juu, mabega chini.

"Haizimi."

Sikujua sauti ile imetoka wapi. Nilidhani ni redio. Kila mtu aliacha kutafuna.

"Haizimi, uncle," akasema yule mtoto, akimtazama baba usoni. "Tulicheza mpaka kukawa giza. Nilimfunga nne."

Anti aliweka mkono mdomoni. Mama alianza kigelegele, akakumbuka ni usiku na nje kulivyo, akakimeza kikamtoka kwa pua. Baba peke yake hakuelewa upesi, kwa sababu baba akishika jambo moja halegezi.

"Nne?" akamuuliza.

"Na moja alijifunga mwenyewe."

Baba akacheka. Tangu siku ya kura sikuwa nimemsikia. Alicheka akaegemea ukuta, anti akawa analia na kucheka pamoja, mama akamvuta mtoto mapajani, na mtoto sasa hakunyamazika, alikuwa akieleza kwamba mimi hukimbia na mpira upande mmoja tu na kwamba niliiga mbuzi lakini mbuzi hafanyi vile. Hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Kompyuta yangu mpya ilikuwa imezikwa hivi punde, pale mezani, na waombolezaji walikuwa wakishangilia. Nilitaka kukasirika, nikatafuta wa kumkasirikia, nikazunguka meza yote kwa macho, sikumpata. Nikamaliza kulimeza lile tonge.

Kile kitu kidogo cha baba kikawa magodoro ya wageni na yunifomu ya binamu yangu.

Jambo lililobaki lilikuwa mama. Aliniuliza mwenyewe, siku kadhaa baadaye, kwa nini mashine imepona. Nikamwambia ni kitambaa.

"Kitambaa changu?"

"Kilikuwa kinaizuia kupumua."

Sindano yake ya kufumia ikasimama hewani. "Kwa hivyo ni mimi niliyekuwa nikiiua."

"Hapana mathe. Ilikuwa inazirai tu."

Kesho yake nikamkuta ameifunua televisheni, ameifunua redio, na ameshika thamosi akiitazama kwa wasiwasi.

"Hiyo iache," nikamwambia. "Hiyo kazi yake ni kukaa moto."

Shule zilipofunguliwa rafiki yangu alikuja kwetu Jumamosi. Duka la baba yake lilikuwa limeshusha shata siku nyingi, na yeye alikuwa ameshinda ndani na mashine yake ikikwama. Mama akamkaangia viazi, akamwekea chai. Akaangaza macho sebuleni.

"Niaje. Kako wapi kamtambo kapya?"

"Sikujenga. Niliboresha hii ya zamani."

"Ati hii?" Akasogea karibu. Binamu yangu alikuwa anacheza, kipindi cha pili. "Haizimi? Umeongeza nini?"

"Sikuongeza. Nilitoa."

"Ulitoa nini?"

"Kitambaa."

Alicheka sana. Alicheka akamwaga chai kwenye kisahani, akaniuliza kama niko serious, nikamwonyesha boksi lilivyo tupu, nikamwambia aliguse. Akaligusa. Kicheko kikaanza kupungua, kikawa tabasamu, halafu tabasamu nalo likabaki limekwama usoni kama Windows yake. Nikajua anafikiria kitu chekundu chenye vioo vidogo vidogo, kazi ya nyanya yake.

Akaiweka chai chini bila kuimaliza. Akaenda mlangoni, akaanza kuvaa viatu.

"Unaenda wapi na viazi vimetoka tu motoni?"

"Saa hizi Ba huwa amelala," akasema, na akaondoka na kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Binamu yangu akaivuta sahani yake ya viazi upande wake. Akaniuliza, bila kugeuka kunitazama, kama niko tayari kufungwa ama nataka kumaliza chai kwanza.